Krediti 20 na nusu, na bado hahitimu

Mhariri,

Nimeisoma barua ya yule mama wa Morogoro anayeuliza kama amtoe mwanawe Kidato cha Tatu ampeleke kwa mjomba wake Marekani akamalizie sekondari huko, au asubiri kwanza amalize cha Nne. Naomba nafasi nimjibu. Na kwa jibu hilohilo niwafikie wazazi wenzangu wanaosema Kiswahili hapa Ohio, maana gazeti lenu linasomwa sana huku kwenye simu, hasa mapumziko ya zamu ya usiku.

Kwanza anijue anayemjibu. Nilifundisha hesabu sekondari kwa miaka 11 mkoani Tanga. Tangu 2016 naishi Columbus, jimbo la Ohio, na kazi yangu ni ya usiku, kupanga maboksi ghalani. Chaki niliiacha kwetu. Nayasema haya mapema ili asije akadhani anashauriwa na mtaalamu: anashauriwa na mwalimu wa hesabu aliyesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka 11, halafu wa kwake mwenyewe akashindwa kumhesabia mpaka ishirini.

Ishirini ndiyo namba yenyewe. Sisi tuliosoma kwetu tunajua elimu ina siku yake. Kuna siku ya Kidato cha Pili, kuna siku ya cha Nne, kuna siku ya cha Sita. Mtoto anaweza kucheza chandimu mwaka mzima, Agosti akashtuka, akajifungia na mitihani ya nyuma, Novemba akaingia chumba cha mtihani na matokeo yakatoka Divisheni Wani. Nimewafundisha wa aina hiyo, na wengine leo ni madaktari. Huku hakuna Novemba. Kila somo mtoto analofaulu linampa krediti, kwa kawaida krediti moja kwa mwaka mzima na nusu kwa muhula mmoja, na Ohio inadai zisipungue 20 ndipo apewe cheti cha kuhitimu. Hakuna mtu atakayepiga kengele njiani kukwambia mwanao amebaki nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari sikuwa nalo.

Kijana wangu alikuja Januari 2022 pamoja na mama yake na mdogo wake, baada ya kusubiri viza ya kuungana na familia kwa muda ambao sitaki hata kuukumbuka. Alikuwa na miaka 16, ametoka kufanya mtihani wa Kidato cha Pili Novemba. Wiki ya pili, theluji imefika magotini, nikampeleka kumwandikisha. Mama wa mapokezi akaomba karatasi za shule. Nikatoa nilichokuwa nacho: cheti cha darasa la saba na karatasi moja ya matokeo ya Kidato cha Pili niliyoichapisha maktaba. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akampanga greidi ya 9, na krediti zake zikaandikwa sifuri.

Kwa asiyejua, greidi ya 9 ni mwanzo wa sekondari, watoto wa miaka 14. Jioni ile mwanangu akaniambia, "Baba, ninayekaa naye ana waya kwenye meno na mimi nina ndevu." Nikacheka. Sikupaswa kucheka. Miaka miwili aliyosoma kwetu ilikuwa imefutwa juu ya meza ile kwa sababu ya karatasi ambazo hata sikuwa nimeambiwa zinatakiwa.

Shule ilitaka ripoti za kila muhula za Kidato cha Kwanza na cha Pili, zenye majina ya masomo, alama na muhuri. Dada yangu yuko Muheza, nikamwomba aende shuleni. Safari ya kwanza mkuu wa shule yuko semina. Safari ya pili karani akasema ripoti huchukuliwa na wazazi na nakala hazitunzwi. Safari ya tatu, dada yangu kishachoka na nauli ya bodaboda, akamkuta mwalimu wa taaluma, kijana mpya, akafungua kabati la chuma na kuzitoa karatasi za alama moja moja, nyingine zimeliwa pembeni na mchwa. Mungu ambariki kijana yule. Akaziandika upya kwenye karatasi yenye kichwa cha shule, akagonga muhuri. Dada akanitumia picha WhatsApp, nikazipeleka mbio. Wakakataa: wanataka bahasha iliyofungwa, itoke shule ile ije shule hii. Mpaka bahasha inafika ilikuwa Oktoba.

Na ilipofika likazuka jingine ambalo mimi, mwalimu, nilipaswa kuliona kutoka mbali. Kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi, akaisoma ripoti kwa uso wa huruma. Hesabu 68. Historia 61. Biolojia 77. Akaniambia pole, inaonekana kijana alipata tabu sana. Tabu gani? Kwetu 75 kwenda juu ni A, 65 ni B, na C inaanzia 45. Shuleni kwake A inaanzia 90, na sitini na kitu ni D. Mtoto aliyekuwa wa nne darasani akageuka mbumbumbu kwa kuvuka bahari. Nikaeleza kwa mdomo, nikaeleza kwa kalamu, wakasema wanahitaji maelezo hayo kutoka shuleni kwake. Dada akapanda bodaboda mara ya nne.

Mwisho wa yote wakampa krediti 5: Hesabu, Biolojia, Historia, Jiografia na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, kama lugha ya kigeni. Nilisoma karatasi ile mara mbili kwenye gari kabla ya kuwasha injini.

Kwa hiyo mama wa Morogoro, na yeyote ambaye mwanawe ameshapata viza, kabla hujanunua sanduku nenda shuleni. Omba ripoti zote, za kila muhula, kwa Kiingereza, zikiwa na orodha ya vipindi kwa wiki na maelezo ya madaraja ya alama yamechapwa chini. Omba bahasha mbili zilizofungwa na kugongwa muhuri kwenye mkunjo. Usizifungue njiani kwa hamu. Na wakuu wa shule mnaosoma hapa, nawaomba: mzazi akija na ombi hilo msimwone msumbufu. Karatasi yenu moja ni mwaka mzima wa maisha ya mtoto.

Sasa niseme kosa langu, maana hilo la kwanza lilikuwa la kutokujua na hili la pili lilikuwa la uzembe.

Zile krediti 20 hazichotwi kwenye ndoo moja. Zimegawanywa. Kiingereza 4. Hesabu 4, na ndani yake lazima kuwe na aljebra ya pili au inayolingana nayo. Sayansi 3. Maarifa ya jamii 3, pamoja na historia na serikali ya Marekani. Afya nusu. Michezo nusu. Zilizobaki 5 ni za kuchagua. Watoto walioanza greidi ya 9 kuanzia Julai 2022 wameongezewa nusu ya elimu ya fedha. Mimi nikawa nahesabu jumla tu. Kila ripoti ikija najumlisha, naona inapanda, nalala. Nakumbuka 14 mwanzoni mwa mwaka wake wa mwisho, nikapiga hesabu ya kichwa: 6 mwaka huu, 20, kwisha kazi.

Machi 2024, saa nne asubuhi, nimelala baada ya zamu, simu ikaita. Joho na kofia tumeshalipia. Mama yake kishaanza kuulizia bei ya mbuzi. Kaunsela anasema kijana hatahitimu, amebakiza Afya. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha usingizini kwamba amekosea, mtoto atafikisha 20 na nusu, nimehesabu mwenyewe, mimi ni mwalimu wa hesabu. Akaniomba nifike.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na visanduku, kila somo na chake, na vyote vimejaa rangi ya kijani isipokuwa kimoja kidogo chini kushoto. Za kuchagua alikuwa nazo 6, na tano tu ndizo zinazohesabika. Mwanangu alikuwa amechukua darasa la kunyanyua vyuma mara mbili. Afya hajaigusa, kwa sababu muhula ule wa kwanza kabisa kipindi cha Afya kiligongana na kipindi cha Kiingereza cha wageni, wakamtoa, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Wala yeye. Wala mimi. Krediti 20 na nusu, na bado hahitimu.

Simlaumu sana yule kaunsela, ingawa siku ile moyoni nilimlaumu. Alinitajia idadi ya watoto walio chini yake: karibu 400. Chama cha washauri wa shule cha Marekani chenyewe kinapendekeza wasizidi 250 kwa mshauri mmoja. Mtoto mtulivu, asiyepigana, asiyefeli, hana anayemtazama. Wangu alikuwa mtulivu.

Wakampa kozi ya Afya ya mtandaoni. Wiki saba, kila jioni maktaba ya mtaa mpaka inafungwa. Sura ya tatu ilihusu mafuta na mishipa ya moyo. Siku hiyo alitoka maktaba akaenda moja kwa moja kazini, na kazi yake ilikuwa kukaanga kuku. Akamaliza katikati ya Mei, siku 9 kabla ya mahafali. Mbuzi alichinjwa, lakini mama yake hakumwagiza mpaka alipoiona ile rangi ya kijani kwa macho yake.

Nimesema kazi, na kuna mengi hapo, ila nianze na habari ya chuo kwa kuwa vimeshikana.

Ohio ina mpango unaoitwa College Credit Plus, ulioanza mwaka wa masomo 2015. Mwanafunzi wa greidi ya 7 mpaka ya 12 anaweza kuchukua somo la chuo akiwa bado sekondari, na akifaulu anapata krediti pande zote mbili, chuo na sekondari. Kwenye chuo cha umma mzazi halipi ada, na vitabu vinatolewa na wilaya ya shule. Utamu wake ni huu: somo la chuo la saa 3 (saa ndiyo kipimo cha uzito wa somo chuoni), ambalo ni la muhula mmoja tu, linahesabiwa krediti nzima ya sekondari. Mwanangu alikuwa na miaka miwili na nusu ya kukusanya krediti 4 za Kiingereza, jambo ambalo kwa mwendo wa kawaida lisingewezekana. Akasoma shule ya kiangazi akapata nusu, na mwaka wa mwisho akachukua somo la uandishi kwenye chuo cha jamii. Muhula mmoja, mwaka mzima wa Kiingereza ukaingia. Na kwa kuwa mtihani wa jimbo wa Kiingereza, ambao nao hudaiwa juu ya zile krediti, alikuwa amekwama mara mbili (alama ya kufaulu ni 684, akawa anaikaribia tu), somo lile la chuo likakubalika badala ya mtihani. Ndege wawili kwa jiwe moja, na jiwe lenyewe la bure.

Lakini wazazi wengi wa kwetu wakisikia chuo na bure hawasikilizi tena kinachofuata. Kinachofuata ni kwamba alama ile ni ya chuo kwelikweli. Haifutiki. Atakapoomba chuo kingine chochote baadaye, wataiomba karatasi ile. Akifeli, au akijitoa baada ya tarehe kupita, wilaya inaweza kumdai mzazi gharama zake, isipokuwa kwa familia za kipato cha chini. Na kuna kikomo: saa 30 kwa mwaka, na ndani ya hizo kila krediti ya sekondari anayosoma inahesabiwa kuwa 3. Mtoto mwenye krediti 4 za sekondari amekula 12, amebakiwa na 18 za chuo. Na barua ya kusema mtoto wako anakusudia kushiriki imfikie mkuu wa shule isipite tarehe 1 Aprili, kwa ajili ya mwaka mzima unaofuata. Wenzangu wa Columbus, Dayton, Akron, mkisoma hapa mjue Aprili haiko mbali.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: mwambie mtoto achague masomo yaliyo kwenye kundi linaloitwa Ohio Transfer 36. Hayo ni masomo ya msingi ambayo vyuo vya umma vya jimbo zima vimekubaliana kupokezana. Uandishi umo, na mengine mengi ya msingi. Somo lililo nje ya kundi hilo linaweza kupokelewa au lisipokelewe, na hutajua mpaka siku ya kuhamia.

Mwanangu baada ya kupata B ya uandishi akajiona mwanachuo. Muhula wa mwisho akachukua saikolojia. Hapo ndipo kuku wakaingia.

Tangu ana miaka 16 alikuwa anafanya kazi mgahawani jioni. Sheria ya Ohio inamlinda aliye chini ya miaka 18: lazima awe na kibali cha kazi msimu wa shule, na usiku wa kuamkia siku ya masomo hatakiwi kuwa kazini baada ya saa tano. Wale wa miaka 14 na 15 ndio wamebanwa zaidi, saa 3 kwa siku ya shule, 18 kwa wiki, mwisho saa moja jioni. Sawa. Oktoba 2023 akatimiza 18. Nikampa mkono, mama yake akapika pilau, na meneja wake naye akampa zawadi: zamu ya kufunga. Kufunga maana yake kumwaga mafuta, kusugua vikaango, kupiga deki, kutoka saa saba usiku. Sheria ilikuwa imeshamwachia. Nami baba yake nilikuwa ghalani muda huohuo, kwa hiyo aliyekuwa anamwona anaingia ni paka wa jirani.

Pesa ilikuwa inaonekana. Alinunua viatu, akanunua simu, akaanza kumtumia bibi yake Muheza dola 50 kila mwezi, na mimi nikajivuna kwa watu. Saikolojia ilikuwa saa mbili asubuhi. Akapata D. D ile ilitosha kumpa krediti ya sekondari, lakini ipo mpaka leo kwenye karatasi yake ya chuo, chini ya ile B, na kila anapoomba ufadhili inabidi aieleze.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe ingeweza kuhesabika. Mtaala wa hapa unautambua uzoefu wa kazi. Kuna kinachoitwa mafunzo kazini, na saa 250 za namna hiyo, zenye tathmini nzuri ya msimamizi, zinaweza kuwa sehemu ya kumwezesha mwanafunzi aliyekwama kwenye mtihani wa jimbo ahitimu. Lakini lazima kuwe na makubaliano kwa maandishi kati ya mwanafunzi, shule na mwajiri kabla ya kuanza, na kazi ifungamane na anachosoma. Wangu alikaanga kuku miaka miwili. Saa zake ukizijumlisha zinapita hizo 250 mara kadhaa. Hakuna hata moja iliyoandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi ya mshahara.

Nimlinganishe na binti wa jirani zetu. Hawa ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, waliishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na watoto wote wamezaliwa palepale kambini. Kiswahili chao na chetu tunataniana kila siku. Binti alifika ana miaka 17, akawekwa greidi ya 9 kama wangu, na yeye hakuwa na ripoti yoyote ya kuagiza. Mtu mmoja akamwambia baba yake kwamba binti amezeeka, amtoe shule akafanye kazi. Mzee akaja kwangu na fomu mkononi. Bahati nzuri hilo nilikuwa nimelisoma: Ohio mtoto ana haki ya shule ya umma bila ada mpaka atimize miaka 22. Hakuna kuzeeka. Tukairudisha fomu bila sahihi.

Huyu binti hakufanya kama wangu. Alichukua daftari dogo la mistari, akalichora visanduku kwa rula, na kila muhula anakwenda kwa kaunsela na daftari lake kulinganisha. Greidi ya 11 akahamia kituo cha ufundi kwa nusu ya siku, akasomea kazi ya muuguzi msaidizi. Mafunzo ya kazi hiyo hapa ni saa 75 kisheria, darasani na kwa wagonjwa, halafu mtihani wa jimbo. Alihitimu sekondari ana miaka 20, cheti cha shule mkono mmoja na cha kazi mkono wa pili. Leo anahudumia wazee mchana na chuo anakwenda jioni. Kwetu ukimwambia mtu mwanao yuko VETA anakupa pole. Nami nilikuwa wa hivyo. Kaunsela alimtajia mwanangu kituo hichohicho, nikakataa mimi, nikasema mtoto wa mwalimu hawezi kwenda kwenye spana. Binti alipokuja kunionyesha cheti chake nikamuuliza alijuaje yote yale. Akasema, "Papa, miye nilihesabu mwenyewe."

Nirudi sasa Morogoro, kwa sababu nimemzungusha yule mama na swali lake nimeliacha mlangoni.

Mama, nakwambia kama dada yangu: mwache kijana amalize Kidato cha Nne. Haya yote niliyoyaeleza ni ya watoto waliokuja kuishi, kwa bahati nasibu ya viza, kwa kuungana na wazazi, au kwa ukimbizi. Hao shule ya umma ni haki yao. Mtoto anayetoka kwa mama yake kwenda kwa mjomba hana mlango huo. Kwa viza ya kutembea haruhusiwi kusoma. Kwa viza ya mwanafunzi, shule ya sekondari ya umma inampokea kwa miezi 12 tu, na lazima alipe gharama kamili za masomo kabla ya viza. Shule binafsi anaweza kukaa zaidi, ila hiyo ada muulize mjomba mtu kama anaijua. Fanya hesabu sasa. Krediti 20, miezi 12. Atarudi Morogoro na krediti 6 au 7 ambazo Baraza la Mitihani halina pa kuziweka, wenzake wameshamaliza cha Nne, naye arudi kuvaa kaptura. Cheti cha Kidato cha Nne kitamfungulia njia nyingi, huko na huku.

Kama kuna jambo silijui kuhusu karatasi zake, labda baba yake yuko huku na anamwombea, basi hiyo ni habari nyingine. Hapo rudi juu kwenye zile bahasha mbili.

Mdogo wake kijana wangu, binti, ameingia greidi ya 9 Agosti iliyopita. Safari hii tumechora mapema. Karatasi iko mlangoni kwenye friji, imeshikwa na sumaku ya ramani ya Zanzibar, visanduku vyote kwa kalamu nyekundu, pamoja na kile cha elimu ya fedha ambacho kaka yake hakuwa nacho. Pembeni ameandika kwa mkono wake "muhuri wa lugha mbili", maana jimbo humpa mhitimu muhuri kwenye cheti akithibitisha kwamba anaijua vizuri lugha nyingine pamoja na Kiingereza, na muhuri huo unaweza kuwa mmojawapo wa miwili anayotakiwa kuwa nayo ili ahitimu. Ameshaambiwa kwamba anaweza kupimwa kwa Kiswahili. Kuzungumza hana shida, ni mtoto wa Tanga. Kuandika ndiyo kazi, huyu wa kuandika "xaxa" na "cjui". Jumapili tunakaa mezani namsomea imla, kama zamani.

Wiki iliyopita ripoti ya muhula wa kwanza ilikuja. Nikavaa miwani nikaanza kujumlisha. Akanishika mkono: "Baba, usijumlishe. Kwanza weka kwenye visanduku." Akachukua kalamu yeye, na kisanduku cha kwanza kabisa alichokipaka rangi kilikuwa cha Afya.

Wenu,
Mwalimu wa hesabu wa zamani,
Columbus, Ohio